Tusiwe na Udugu wa Nazi

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanajumuiya kwenye sherehe ya Uhuru, London

  Majirani zetu wa Kenya, ambao Jamhuri yao ni tarehe 12, siku tatu tu baada ya sikukuu yetu, karibuni sana. Mkituita nasi tutakuja.

Kabla ya yote tunawashukuru waliopika. Tangu tupite mlangoni harufu ya pilau imetukaa puani, na tunajua hotuba ikirefuka mtatulaumu. Tutajitahidi iishe pilau ingali ya moto.

Sisi tunaozungumza ni familia sita za mashariki mwa London. Kamati imetuomba tuseme juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo: kutoka na marafiki, kula nao na kusherehekea nao katika mji huu. Imetuomba sisi kwa sababu tuna desturi ya kutoka pamoja kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Hatukuja kujisifu. Tumekuja kusema tunachokijua na kuwaombeni jambo moja mwishoni.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Tanganyika ilipandishwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na Luteni Alexander Nyirenda akaufikisha Mwenge wa Uhuru kwenye kilele cha Kilimanjaro. Hayo watoto wetu watayasoma vitabuni. Lakini mkalisheni mzee aliyekuwapo, mwambieni awasimulie. Atakwambieni alikuwa na nani, walitembea kutoka wapi hadi wapi, ngoma gani ilichezwa na nani alikesha nayo, na asubuhi walikunywa chai kwa nani. Siku kubwa ya taifa imebaki kichwani mwake kama siku aliyokuwa na watu wake. Ndiyo maana tunaona mada hii inastahili kusemwa siku ya Uhuru.

Wahenga walisema udugu wa nazi hukutania chunguni. Nazi hii imeangushwa mnazi wa huku, ile mnazi wa kule, hazijawahi kuonana. Siku zinapovunjwa na kukunwa, matui yake yakamiminwa chunguni, ndipo zinajuana. Hapo hakuna tena la kuambiana, moto umeshawaka.

Katika mji huu tuna chungu kimoja tunachokijua wote, nacho ni msiba. Mwenzetu akifariki, jumuiya hii hufanya kazi ambayo majirani zetu Waingereza huistaajabia. Simu hupigwa usiku huohuo, mchango hupita mkono kwa mkono, na baada ya siku chache mwili unasafirishwa kwenda kuzikwa Moshi, Bukoba, Tanga au Unguja. Wengine hukesha na wafiwa, wengine hupika, wengine huchukua watoto wa wafiwa kuwapeleka shule. Hili ni jambo la heshima na lisiachwe kamwe.

Ila sikilizeni mazungumzo ya pale msibani, jikoni, vyombo vikioshwa. "Kumbe unakaa Barking! Mimi niko Ilford." Dakika chache kwa basi. "Kumbe mtoto wako yuko darasa moja na wangu!" "Kumbe marehemu alikuwa anapenda sana taarab, nisingejua." Kumbe, kumbe, kumbe. Neno hilo likisemwa arusini linachekesha, lakini likisemwa msibani kuhusu marehemu linauma.

Sababu za watu kutoonana tunazijua. London ni kubwa, na mtu wa Croydon kumtembelea mtu wa Tottenham ni safari. Kazi zetu wengi ni za zamu: hospitali, nyumba za wazee, maghala, udereva, usafi wa maofisi alfajiri. Wale wa kubeba boksi wanajua: wewe ukitoka, mwenzako ndiyo anaingia. Halafu kuna baridi, na giza la Desemba. Halafu kuna pesa, ambayo tutaisema wazi baadaye maana watu huionea haya.

Tuanze na kutoka, au kama vijana wa Dar wanavyosema, mtoko.

Wapo wanaodhani mtoko London ni lazima uwe wa gharama. Mji huu una vitu ghali, ndiyo, lakini una vitu vingi vya bure kuliko miji mingi mikubwa duniani. Watoto walio chini ya miaka 11 hawalipi nauli ya basi. Kwenye treni za chini ya ardhi, mtu mzima aliyelipa anaweza kusafiri na watoto wanne wa umri huo bila kuwalipia. Ukishalipa basi la kwanza, ukapanda la pili ndani ya saa moja, hukatwi tena. Makumbusho makubwa ya taifa hayana kiingilio. Familia yenye chupa ya chai na maandazi kwenye mkoba inaweza kukaa mjini kutwa nzima, ikarudi nyumbani na pesa yake.

Na ndani ya mji huu kuna mambo yetu, tena mengi. Tunawapa mfano wa matembezi tunayoyapenda, ambayo watu wazima hutembea kwa saa moja na nusu, na wenye watoto nusu siku. Anzeni Westminster Bridge, upande wa pili wa mto ukilitazama Bunge. Hospitali iliyopo hapo ni St Thomas'. Humo ndimo Mwalimu Nyerere alimofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Watu wengi hupita hapo wakikimbilia gurudumu kubwa la London Eye bila kujua. Sisi husimama kidogo, watoto wakavua kofia, mmoja wa wazee akasema maneno mawili matatu, kisha tukaendelea.

Fuateni mto kuelekea mashariki. Mtapita Tate Modern, ambamo mnaweza kuingia bure kuota joto na kutazama picha, na hatua chache mbele mtakuta ukumbi wa Shakespeare's Globe, uliojengwa upya kwa mfano wa ule wa zamani. Hapo waambieni watoto mambo mawili. La kwanza, Mwalimu yuleyule mliyemkumbuka pale hospitalini alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, huku akiwa na nchi ya kuongoza. La pili, mwaka 2012 kundi la waigizaji kutoka Kenya lilisimama kwenye jukwaa lile likaigiza tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili, mbele ya London nzima. Mtoto anayeona haya kumjibu bibi yake kwa Kiswahili ndani ya basi anahitaji kuyasikia hayo, na anahitaji kuyasikia akiwa amesimama palepale.

Siku nyingine nendeni British Museum. Humo kuna jiwe lililochongwa na mikono ya watu wa kale kabisa, lililotoka bonde la Olduvai, umri wake kama miaka milioni 1.8. Ni miongoni mwa vitu vya kale kuliko vyote vilivyotengenezwa na binadamu katika jumba lile. Jumba hilo pia lina vigae vya vyungu vilivyookotwa ufukweni Kilwa Kisiwani, vingine vya udongo wa kwetu, vingine vimetoka Uchina na nchi za Waarabu, ushahidi kwamba wazee wa Kilwa walikuwa wakila kwenye sahani za dunia nzima karne nyingi zilizopita. Mtoto wetu mmoja wa miaka minane alilitazama lile jiwe la Olduvai muda mrefu, akauliza, "Kwa hiyo mtu wa kwanza kukata nyama alikuwa Mtanzania?" Hatukuwa na moyo wa kumsahihisha siku hiyo. Tulimwambia akue, asome, atuletee jibu.

Na kuna Greenwich. Kupanda kilima cha bustani ile ni bure, na ukifika juu unauona mto na mji mzima umelala chini yako. Hapo ndipo unapopita mstari ambao dunia huhesabia masaa. Sisi hupatumia kuwafundisha watoto saa za Kiswahili, maana zinawatesa. Kijana mmoja aliwahi kualikwa chakula saa moja jioni. Alichosikia yeye ni moja, akafika saa saba mchana na nguo zake za kupendeza, akamkuta mwenyeji anafagia. Alikaribishwa vizuri, akapewa kisu na vitunguu kilo mbili.

Basi pale kilimani tunawaambia: kwetu siku huanza jua linapochomoza. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili, baada ya saa moja ni saa moja asubuhi. Hesabu hiyo ina akili kwa sababu karibu na ikweta jua halidanganyi mwaka mzima. Hapa Desemba linachomoza karibu saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Mtoto akilielewa hilo ameelewa jiografia, lugha, na pia kwa nini mama yake hununa mwezi huu.

Sasa tuje kwenye chakula.

Marafiki wanaotembea tu bila kula hawajatembea. Lakini hapa ndipo pesa inapoingia, na tuseme ukweli. Kwetu anayealika ndiye anayelipa. Hapa, watu wakienda hotelini kula, kila mtu hulipa alichokula, au bili hugawanywa sawa kwa sawa. Sisi tumekwama katikati. Mwenye uwezo anaona haya kusema kila mtu ajilipie. Asiye na uwezo anaona haya kuuliza. Matokeo yake ni jibu moja mnalolifahamu: "Niko bize." Wengine kweli wako bize. Wengine wamepiga hesabu ya nauli, chakula, zawadi ya mtoto na nguo ya kuvaa, wakaona wiki hiyo haitoshi. Wakikataa mara tatu, simu ya nne haipigwi, na hivyo ndivyo mtu anavyopotea katikati ya mji wenye watu mamilioni.

Kwa hiyo sisi tuna taratibu nne, na tunazitoa kwenu bure.

Kwanza, gharama hutajwa siku ya mwaliko. Anayealika anasema: "Njooni, chakula ni juu yangu," au "Njooni, tutachanga paundi tano tano," au "Njooni, kila mtu atajilipia, na mahali penyewe si ghali." Ukishasema, hakuna anayekisia.

Pili, tukila nyumbani kila familia inaleta sufuria moja. Mmoja wali wa nazi, mwingine mchuzi wa samaki, mwingine maharage, mwingine kachumbari na ndizi mbivu. Asiye na muda wa kupika analeta maji na vikombe. Asiye na chochote analeta mikono yake, maana vyombo vya watu ishirini haviji kujiosha. Hakuna anayekuja bure na hakuna anayeumia.

Tatu, hakuna sare. Arusi ina sare yake, na tunaipenda. Lakini chakula cha Jumamosi hakihitaji kitambaa kipya. Njoo na nguo uliyofulia jana.

Nne, chakula huliwa kwenye sinia, angalau kile cha watoto. Wakiwa watano kwenye sinia moja wanajifunza adabu ambayo huwezi kuifundisha kwa mhadhara: kula mbele yako, kutomnyakulia mdogo nyama, kungoja mkubwa aanze, kunawa kabla na baada. Na simu haina pa kukaa, kwa sababu mkono mmoja una wali.

Kuhusu vitu vya kupikia hatuna tena sababu ya kulalamika. Queen's Market pale Upton Park, Ridley Road kule Dalston, na soko la Brixton kwa watu wa kusini: bamia, mihogo, ndizi za kupika, viazi vitamu, nazi, maembe, pilipili za kila rangi, na bizari za kutosha kupikia mtaa mzima. Mengi yanauzwa kwa bakuli, unalipia bakuli lote, kama fungu la sokoni Kariakoo. Msiende peke yenu. Nendeni na rafiki mgawane gunia la mchele, na mwende na watoto. Mtoto akitumwa atafute nyanya chungu mwenyewe, hatalisahau tena jina lake.

Hapa tuseme neno kuhusu lugha, maana wazazi wengi mnatuuliza. Watoto wetu hawakosi Kiswahili kwa sababu hawana vitabu. Vipo. Wanakikosa kwa sababu Kiswahili wanachosikia nyumbani ni cha amri: vaa viatu, zima taa, umekula, lala. Lugha ya amri hujibiwa kwa kutii au kwa kununa, haihitaji maneno mengi. Lugha ya utani, ya hadithi, ya kubishana nani alifunga bao lipi, ya kusifia pilau na kulaumu chapati, hiyo husikika marafiki wa wazazi wanapokuja. Mtoto akiona mama yake anacheka mpaka anafuta machozi kwa jambo lililosemwa kwa Kiswahili, atataka kujua limesemwa nini. Hamu hiyo hakuna mwalimu anayeweza kuiuza.

Tena marafiki hao ndio jamaa zao. Shangazi wa damu yuko Dodoma na mjomba yuko Mtwara, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtoto akiugua shuleni nawe uko zamu, atakayekwenda kumchukua ni yule mama mdogo wa jirani, ambaye hamna babu mmoja. Udugu ni kufaana, si kufanana. Lakini mtoto hawezi kumwendea mama mdogo aliyemwona mara moja tu, tena msibani.

Tumkumbuke na mwenye zamu. Tuna mwenzetu anayefanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee. Kila tukimwalika chakula cha Jumamosi jioni, jibu ni lilelile, yuko kazini. Ikabidi chakula ndicho kihame. Tukakutana Jumapili asubuhi, saa mbili na nusu, anapotoka kazini kabla hajalala, tukapika supu na chapati kama vibandani kwetu. Alikuja na sare yake ya kazi. Alikula supu bakuli mbili, akaegemea kochi la mwenyeji, akalala mpaka mchana. Watoto walikatazwa kupiga kelele, wakawa wanapita kwa ncha za vidole. Alipoamka alituambia kwamba tangu aingie nchi hii hajawahi kulala nyumbani kwa watu huku anasikia Kiswahili kikizungumzwa chumba cha pili. Hakusema zaidi, akaomba chai. Tangu siku hiyo mwezi mmoja kwa mwezi mmoja tunabadilishana: Jumamosi jioni, kisha Jumapili ya supu.

Sasa sikukuu.

Mji huu una sherehe nyingi za hadhara, na hazibagui. Mwezi wa Agosti kuna kanivali ya Notting Hill. Iddi husherehekewa Trafalgar Square, kwa muziki na vyakula, na Wakristo wetu huenda na Waislamu wetu kama tulivyozoea nyumbani kupelekeana sahani. Wiki hii, palepale Trafalgar Square, umesimama mti wa Krismasi. Mti ule unatoka Norwei. Watu wa Oslo wameupeleka kwa watu wa London kila mwaka tangu 1947, kushukuru kwa msaada waliopewa wakati wa vita. Wapeleke watoto wauone kabla haujaondolewa mwanzoni mwa Januari, na uwaambie: waliopigana vita ile karibu wote wameshafariki, lakini mti bado unakuja. Urafiki wa miji miwili unatunzwa kwa kitu kimoja kinachorudiwa kila mwaka bila kukosa. Nasi hatuhitaji makubwa zaidi ya hayo.

Krismasi yenyewe ina jambo lake, na hili tunaomba mlisikilize vizuri. Tarehe 25 Desemba, London haina mabasi wala treni za chini ya ardhi. Mji mzima unasimama. Kwa mwenye familia na gari ni siku ya mapumziko. Kwa mwanafunzi aliyefika Septemba, kwa mama aliyebaki peke yake, kwa mzee ambaye watoto wake wamehamia miji mingine, ni siku ndefu kuliko zote katika mwaka. Hata akialikwa hawezi kufika. Madirisha ya watu yanawaka taa, yeye anapiga simu Dar, Dar mtandao una msongamano, anazima taa saa moja jioni.

Kuna tiba mbili. Ya kwanza ni mgeni kuja tarehe 24 jioni, kabla usafiri haujakoma, akalala. Godoro la chini halijamwua mtu, sote tumelelewa juu ya mkeka. Ya pili ni mwenye gari kumfuata asiye na gari. Ndiyo maana mezani pale mlangoni tumeweka karatasi mbili. Moja ni ya wenye magari: andika unakaa wapi na una viti vingapi. Nyingine ni ya wanaohitaji kufuatwa. Anayeona haya kujiandika mbele za watu, amnong'oneze mmoja wetu, naye atamwandika. Na kama Krismasi si sikukuu yako, ujue kwamba siku hiyo unaweza kuwa dereva bora kuliko wote, nasi tutakulipa Iddi ikija.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tunakaribia mwisho, na tunaona kijiko kikubwa kimeshatiwa kwenye pilau.

Tulisema tutawaomba jambo moja. Jumuiya hii ina orodha ya simu. Ni orodha ileile inayotumika msiba ukitokea, na karibu kila mtu humu yumo. Tunaomba kila familia, kabla Januari haijaisha, ichague jina moja katika orodha hiyo, jina la mtu ambaye haijawahi kula naye, imwalike. Si lazima pilau. Chai ya tangawizi na mihogo inatosha. Kutembea naye kando ya mto kunatosha. Akisema yuko bize, muulize yuko huru saa ngapi, na uihamishe chai ifuate saa yake.

Kwa wasiojua waanzie wapi, Jumamosi ya mwisho wa Januari sisi familia sita tutakuwa Westminster Bridge saa tano asubuhi, saa tano ya Kiswahili, tafadhali, vijana. Tutatembea mpaka Tower Bridge. Watoto ndio watakaotuongoza, na kila kituo mtoto mmoja atatueleza kwa Kiswahili tulipofika. Akikwama neno, tutangoja. Njooni na chupa zenu za chai.

Wazee walioshuhudia bendera ikipanda mwaka 1961 wanazidi kupungua. Tuliobaki tuna wajibu wa kupokea walichotuachia, na sehemu yake kubwa ilikuwa kujuana. Siku moja tutaitana tena kwa msiba, kwa sababu hakuna anayeukwepa. Siku hiyo ikifika, na tukusanyike tukiwa tunalia mtu tuliyemjua: alichekaje, alipenda sehemu gani ya kuku, alikuwa anasimulia nini akishiba. Nazi zikutanie kwenye sinia mapema, kabla ya chungu.

Heri ya sikukuu ya Uhuru kwenu nyote. Uhuru na Umoja.

 Karibuni chakula. Wazee na watoto waanze.